Ukuta wa Magunia Kati Yangu na Gitaa

Nyinyi vijana wa kwaya, na nyinyi mnaorekodi nyimbo kwa simu mkiwa mmekaa kitandani, haya ni yenu. Mnapita kwangu hapa Kamukuywa mnaniambia "Niaje shosh", kama nyanya yenu, halafu mnauliza eti ni kweli niliwahi kuimba rok. Ni kweli. Niliimba na bendi iliyojaza ukumbi wa Kitale mpaka watu wakasimama juu ya viti, na nikatoa kanda zangu mwenyewe, jina langu juu, bila kuacha bendi. Mnataka kujua mtu anafanyaje hayo mawili kwa pamoja. Nitawaambia. Lakini zimeni hizo simu kwanza.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa.

Nianze na koo. Siku ya kuimba usile mahindi ya kuchoma. Ngozi yake inakwama nyuma ya ulimi, na itangoja mpaka uko mbele ya watu ndiyo ikukohoze. Kunywa uji mwembamba wa wimbi, wa vuguvugu. Halafu nyamaza. Miaka ya tisini tuliletewa msichana mwenye sauti ya kunishinda mimi, sikatai, lakini alishinda mchana mzima stendi akibishana na makanga, na jioni akaja hana kitu. Nilimwambia, "Sauti umeiacha stendi. Enda uichukue." Alilia. Wiki iliyofuata alikuja kimya kama mtu wa kwenda kutubu, akaimba mpaka mpiga ngoma akasahau kugonga. Sasa anafundisha kwaya Webuye na ni mkali kuliko mimi.

Mimi mwenyewe nilianzia kwa viazi. Nilikuwa nikimenya viazi katika jikoni ya hoteli moja pale Kitale. Nyuma ya jikoni kulikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi bendi ilikuwa ikifanya mazoezi. Kiongozi wao alikuwa Barasa. Tulimwita Kapteni, ingawa hakuwahi kuwa askari hata wa kulinda duka. Kapteni alikulia kwa shamba la mzungu ambako baba yake alikuwa mpishi, na mzungu alipohama aliacha santuri za rok. Kapteni alizisikiliza mpaka zikakwaruzika. Wakati bendi zingine zilikuwa zikipiga muziki wa kucheza polepole na suti, yeye alitaka gitaa linalolia kama msumeno ndani ya mti mbichi, na ngoma ya kukupiga kifuani. Maneno yalikuwa Kiswahili na Kibukusu. Watu walicheka kwanza, halafu wakacheza.

Mimi huko jikoni nilikuwa naimba juu ya nyimbo zao, sufuria zikigongana. Siku moja mlango ukafunguliwa.

"Ni nani anaharibu wimbo yangu?" Kapteni akauliza.

"Ni mimi. Na sijaharibu. Umeuanza chini sana."

Mpishi mkubwa aliinamia karai lake akajifanya hanijui.

Kapteni akaniangalia kidogo. "Osha mikono uje," akasema.

Nikaajiriwa hivyo. Yeye ndiye alinifundisha kushika maikrofoni. Mwanzo niliikamata kwa mikono miwili, nikiisukuma mbele na nyuma. "Nasambu," alisema mbele ya wote, "hiyo si mwiko. Hakuna ugali hapo." Akanionyesha: sauti ikipanda, rudi nyuma hatua, ikishuka, sogea karibu. Mpaka leo nikiona mtu anapiga kelele huku ameimeza maikrofoni najua hakuwa na Kapteni.

Sasa mpiga gitaa. Jina lake siliandiki, na mtaona sababu. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Chwele, mwenye vidole virefu ambavyo hata akiwa amekaa bure vilikuwa vikitembea juu ya goti. Yeye na mimi tulielewana kwa macho. Nikiinua kidole, ananyamaza. Nikiinua nyusi, anaingia. Watu walidhani tuna dawa, kumbe ni macho tu.

Dada yangu mkubwa aliolewa Kabuchai, na binti yake anaitwa Nekesa. Kwetu binti wa dada ni binti yangu, mimi ni mama yake mdogo, na hapo hakuna nusu. Basi tuliitwa siku ambayo wageni walikuwa wakileta ng'ombe wa mahari ya Nekesa. Nilikuwa nimesimama uani na sinia ya chai. Pikapu ikaingia, wazee wakashuka, na nyuma yao kijana amevaa koti la kuazima, mikono ya koti imepita mikono yake. Vidole tu ndivyo vilikuwa vikionekana. Vile vidole nilivijua.

Sinia nilimpa mtu wa karibu, sijui alikuwa nani, nikaenda nyuma ya ghala.

Dada akanifuata. "Nasambu, kwani umeona nyoka?"

"Nimeona mkwe."

Akina mama wa jikoni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Wale ambao si wa kwetu, wacha niwaeleze: kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwingine apite. Hata jina lake hulitaji. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na inaondolewa baada ya miaka, kwa kuchinja kondoo na utaratibu wa jamaa zote mbili, wakati wao wameona inafaa. Na mimi nilikuwa ninasimama na huyu mtu jukwaani kila Jumamosi, nikimwangalia usoni na kuimba mapenzi.

Nilimuuliza Nekesa mbona hakuniambia ni nani anamwoa. Akasema, "Mama, wewe si ndiye unasemanga wapiga gitaa hawaoi, wanaazima? Ungemkataa." Ni kweli nilikuwa nikisema hivyo.

Jumamosi ikafika. Nilijifunga leso mabegani, nikasimama mwisho wa jukwaa na kumpa mgongo. Yeye naye aligeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kumwambia mpenzi asogee karibu. Nikaanza. Akina mama waliotoka Bungoma walikuwa wamekaa mbele, wakaweka soda chini, na mmoja akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu anamwambia nani akuje karibu? Si mkwe wake ndiye amesimama hapo?"

Niliumaliza ule wimbo. Sijui niliumalizaje.

Kapteni ni Mbukusu kama mimi na mila aliijua, lakini kwake mila ilikuwa koti la Krismasi, unavaa siku moja unarudisha kwa sanduku. Aliniambia, "Nasambu, sikiza. Mpiga gitaa kama huyu sitapata mwingine. Waimbaji nitapata. Wewe ukae nyuma pale, uitikie tu."

Nikawa wa kuitikia. Kuitikia ni kazi, nyinyi wa kwaya mnajua, sidharau. Lakini mimi nilikuwa na nyimbo zangu zimejaa kichwani: ya palizi, ya foleni ya kinu cha unga, ya mwanamke ambaye bwana yake yuko mbali na salamu zake zinakuja kwa redio tu. Kapteni hakuwa amezitaka. Sasa hata njia ya kumuomba ilikuwa imefungwa. Niliona kwamba nikinyamaza mwaka mmoja zaidi, nitakuwa mwanamke aliyekuwa akiimba zamani, na miaka thelathini nilikuwa sijafika.

Ndiyo nikaenda kwa Simiyu. Huyu alikuwa fundi wa redio Kitale, na alikuwa na mashine ya kurekodi ya tepu kubwa za kuzunguka, aliyonunua kutoka kwa wamisheni. Alikuwa akirekodi kwaya na kutoa kanda.

"Nataka kanda yangu," nikamwambia.

"Na bendi?"

"Bendi sitoki."

"Kapteni hataki mtu wake arekodi nje. Ataniua, bana."

"Mbona akuue wewe, asiniue mimi?"

"Wewe anakuogopa."

Simiyu alirekodia katika stoo ya mjomba wake, mfanyabiashara wa mahindi. Baada ya mavuno ile stoo ilijaa magunia mpaka juu, na alisema magunia ya mahindi yanakula mwangwi. Ni kweli. Ukipiga makofi humo ilikuwa kama kupiga mto wa kulalia. Lakini lazima urekodi kabla malori hayajakuja kubeba. Niliwahi kurudi baadaye stoo ikiwa nusu tupu, na sauti ileile ikatoka kama mtu ametumbukia kisimani. Nyinyi mnabandika sponji ukutani mnadhani mmevumbua kitu.

"Gitaa atapiga nani?" Simiyu akauliza.

Tulijaribu wawili. Mmoja alipiga vizuri nyimbo zake mwenyewe juu ya zangu. Mwingine alikuwa akinifuata nyuma kama mbuzi wa kuvutwa. Mwisho nilimtuma Nekesa kwa bwana yake. Jibu likaja: "Mwambie mama, kukiwa na ukuta nitapiga."

Simiyu akaita wapakiaji wawili wapange magunia katikati ya stoo, kutoka chini mpaka kwa paa. Wakauliza, "Hii ni ya nini?"

"Mama ataimba huku. Mkwe wake atapiga gitaa huku."

Waliongeza mstari mwingine wa magunia bila kuambiwa, ili isiwe karibu sana.

Mimi nikaingia kwa mlango wa mbele, yeye kwa mlango wa nyuma. Tukaanza. Wimbo ulienda vizuri mpaka mwisho, nikainua mkono asimame. Gitaa likaendelea. Nikainua mkono wa pili. Gitaa likapanda juu, likazunguka, likaanza ubeti ambao haupo. Simiyu alikuwa amelalia mashine, mabega yanatingishika kwa kicheko.

"Mama aliinua mkono," akapaza sauti.

Kutoka ng'ambo ya magunia nikasikia, "Mwambie mama mkono hausikiki."

Tulirudia, tukakosana tena. Halafu ile dawa ya kufukuza wadudu wa mahindi ikaniingia puani, nikapiga chafya katikati ya ubeti mzuri kuliko yote. Nikataka kwenda nyumbani. Ndipo akasema, bado akimwambia Simiyu, "Mwambie mama avute pumzi kwa nguvu kabla ya kuingia, niisikie. Akitaka kumaliza, avute mara mbili." Tukafanya hivyo. Nikivuta pumzi, gitaa linaingia mahali pake, kama mtu aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango akingoja. Simiyu alitaka kuifuta ile pumzi kwa tepu. Nikamkatalia. Kama kuna mtu wa nyumbani kwenu ana ile kanda, sikilizeni, imo.

Na pumzi ilinifundisha kitu. Miaka yote nilikuwa nikimtegemea kwa macho, na macho yalikuwa yamenifanya mvivu. Nilikuwa nikiimba nusu, nusu nyingine naifanya kwa nyusi. Nyuma ya magunia nyusi hazina kazi. Kila kitu kilibidi kiwe ndani ya sauti.

Karatasi ya kanda ilichapwa Bungoma. Mchapaji akauliza, "Gitaa ni nani?" Mimi jina silitaji. Nikamwambia, "Andika ni mkwe." Akaandika MKWE kwa herufi kubwa kuliko zangu. Basi sokoni watu wakawa wanaitisha kanda ya Mkwe. Nilimwambia muuzaji mmoja pale Bungoma, "Hii ni kanda ya Nasambu."

"Hapana mama, hii ni ya Mkwe. Nasambu ni yule wa kuitikia."

Nilinunua kanda yangu mwenyewe nikaenda, kwa hasira.

Kapteni naye akaisikia kwa duka moja Kitale. Jina la Mkwe halikumdanganya. Lile gitaa angelitambua hata akiwa usingizini. Akatuita ukumbini asubuhi. Mimi nilikuwa ndani, mkwe akasimama nje chini ya dirisha, ametupa mgongo.

"Mmeniibia gitaa," Kapteni akasema. "Nasambu, chagua. Kanda ama bendi."

"Nyimbo ulizikataa wewe."

"Sikukataa. Haukuniuliza."

"Ulinipeleka nyuma. Ningeuliza nikiwa wapi?"

Akatembea kidogo, akarudi na sauti ya upole. "Basi tufanye hivi. Tununue kondoo leo. Mshikane mikono hapa mbele yangu, hii maneno iishe. Unarudi mbele kuimba kama zamani. Na kanda usitoe tena."

Sitawadanganya, nilitamani. Kurudi mbele, taa usoni, watu juu ya viti. Lakini kondoo wa namna hiyo anaitishwa na dada yangu na watu wa Chwele, siku yao. Kapteni hawezi kumnunua kama uzi wa gitaa. Na kanda nisitoe tena? Zile nyimbo zingine niziweke wapi?

"Hiyo kondoo si yako," nikamwambia.

Kwa dirisha ikaja sauti. "Mwambie Kapteni, mama akienda, gitaa inaenda."

"Si niko hapa? Niambie mwenyewe," Kapteni akasema.

"Nimezoea."

Hapo ndipo niliwaza magunia. Nikasema, tuweke pazia jukwaani. Tushone magunia, yatundikwe kati yangu na gitaa. Na katikati ya shoo nipewe sehemu yangu, nyimbo zangu, nitangazwe kwa jina langu.

"Watu watacheka," Kapteni akasema.

"Wakicheka, nitarudi kumenya viazi. Kanda sitatoa. Na gitaa litabaki kwako."

"Mimi sijakubali hiyo," dirisha likasema.

"Wewe hukuulizwa," nikajibu, halafu nikakumbuka ninayemjibu. "Kapteni, mwambie."

Tulienda kujaribu Bungoma, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Pazia la magunia lilining'inia pale likinuka stoo. Kapteni alipiga nyimbo zake, mimi nikaitikia. Kisha akashika maikrofoni, akakohoa, akasema, "Sasa ni Nasambu. Na nyimbo zake." Alisema *zake*. Nilimsikia.

Nikatoka mbele. Kijana mmoja akaita, "Gitaa iko wapi? Imefichwa kwa sababu ya deni?" Ukumbi ukacheka. Kicheko kilizunguka kikarudi, na miguu yangu ikaanza kutafuta njia ya nyuma. Nikavuta pumzi ndani ya maikrofoni, kwa nguvu, na gitaa likaingia kutoka nyuma ya magunia kama radi imetoka ghalani. Nikaimba foleni ya kinu cha unga. Kule mbele mama mmoja mtu mzima alisimama, akafunga leso yake vizuri, akamgeukia yule kijana. "Nyamaza wewe. Huyu anaimba na heshima yake." Halafu akaanza kucheza, na wenzake wakasimama. Vijana ndio walikuja mwisho, lakini hao ndio walikataa kukaa. Tuliurudia wimbo, wakaitisha tena.

Kapteni alikuwa akipiga besi huku ameinamisha kichwa. Tulipomaliza alikuja akisema chini chini, "Hilo pazia libaki."

"Ulisema watacheka."

"Si walicheka kidogo? Kanda ingine unatoa lini?"

Kanda zingine zilifuata, mpaka miaka ya tisini, na bendi sikuiacha. Jina la Mkwe lilichapwa kwa herufi ndogo, nilisimama hapo kwa mchapaji mpaka nikaona. Baadaye kikaja kinanda cha umeme chenye ngoma ndani, na mpiga ngoma wetu akaenda kuuza mitumba, anasema analala vizuri zaidi. Dada yangu na watu wa Chwele walifanya utaratibu wao wakati wao, Nekesa akiwa na watoto watatu, na siku hiyo nilimshika mkwe mkono mara ya kwanza tangu siku ya lile koti la kuazima. Vidole vilikuwa vigumu kama punje za mahindi kwa sababu ya nyuzi. Nyinyi sasa mnarekodi kila mtu siku yake, mwimbaji Kitale, gitaa Nairobi, hata hamjuani. Sina neno na hiyo. Mimi pia sikumwona wangu. Lakini nilikuwa nikimngoja, na yeye ananingoja, na nyimbo zenu nyingi nikizisikiliza hakuna anayemngoja mwenzake.

Nimalizie na ile Jumamosi ya Bungoma, kwa sababu wengi wenu hamzuiliwi na Kapteni yeyote. Mnazuiliwa nyumbani. Nilifika hapa Kamukuywa jua bado lipo. Bwana yangu, Baba Wekesa, alikuwa amekaa mlangoni na watoto, wote wananingoja kama ndiyo moto wenyewe umeingia. "Umerudi," akasema. "Chai?" Nilikuwa nimetoka kupewa nafasi ya nyimbo zangu mbele ya ukumbi mzima, na kanda ya pili ilikuwa inataka nyimbo mpya, na mimi nyimbo nilikuwa nikizitunga nikikoroga ugali, kila mara mtu akiniita mstari mmoja unapotea na haurudi. Sikuvua hata viatu. Niliwaambia: "Kuanzia Jumatatu, nikimaliza kukamua ng'ombe, nitaimba hapa sebuleni, mlango wazi, mpaka nitosheke. Mtu asiniite. Wekesa utawasha moto. Baba Wekesa, wewe utapika chai, na majani usimwage mengi."